Jepesi ya Kinga

Kalemie, tarehe 3 Agosti 2017

Daftari hili nililinunua kwa masomo ya kompyuta. Masomo yameahirishwa mpaka hali itulie, kwa hiyo nitaandika humu mambo yangu, na la kwanza ni kwamba leo nimeogopa.

Papa Germain, mkuu wa vifaa katika shirika letu la chanjo, aliniita ofisini kwake. Alikuwa anatafuna karanga, na kila mtu hapa anajua kuwa karanga ni dalili ya kazi mbaya. Akasema tutanunua vifaa sita vya setilaiti vya kufunga kwenye baiskeli zetu sita, na mimi, karani Sulemani, ndimi nitakayechagua aina.

"Papa, mimi sijui mashine hizo."

"Uko na diplome. Soma."

Sababu naielewa. Magari yetu hayatoki tena mjini. Pikipiki zinanyang'anywa. Baiskeli inapita, ila inapita porini, na vijia vya porini vimekuwa vingi tangu watu waanze kukimbia vita. Mwezi uliopita Théophile, mwendeshaji wetu hodari kuliko wote, alipotea siku mbili. Barafu ikayeyuka ndani ya sanduku la baridi, na dawa yote ya surua ikabidi imwagwe.

Nilikuwa nimefika mlangoni Papa Germain aliposema, "Na atakayechagua njo atakayeenda nayo mara ya kwanza. Hapo atachagua vizuri."

Sijavuka daraja la Lukuga, la kutoka mjini, tangu mwezi wa pili.

Tarehe 4 Agosti

Sikula vizuri. Mama anasema ni malaria. Si malaria.

Tarehe 7 Agosti

Nimekutana na waendeshaji uani. Papa Germain alifungua mkutano. Yeye husoma herufi GPS kwa Kifaransa, harakaharaka, mdomoni mna karanga, na kinachotoka ni "jepesi".

"Tunawaletea jepesi," akasema.

Théophile akainua mkono. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, zamani alikuwa anabeba samaki kwa baiskeli mpaka Nyunzu, na miguu yake ni kama nguzo za gati. "Papa, niko na swali. Kama njo jepesi, basi ikuwe jepesi kweli. Sanduku la barafu peke yake ni kilo kumi na mbili."

Wenzake wakacheka, na Papa Germain akacheka bila kuelewa. Tangu hapo hakuna anayesema GPS. Nimeandika wanachotaka. Isomeke juani. Isife njiani. Vitufe vichache, maana vidole vina vumbi na mafuta ya mnyororo. "Na isiseme sana," akaongeza Théophile. "Porini muntu anayesema sana anaonekana mbali."

Nimekunja karatasi vizuri. Nilichoona cha kushangaza ni kwamba hakuna hata mmoja aliyetaja hatari.

Tarehe 9 Agosti

Nimeandika barua kwa Bwana Mahmoudi, mjomba wa jirani yetu, ambaye ana duka la vifaa vya aina hii Dar es Salaam. Nimeomba anitumie sampuli mbili kupitia Kigoma: moja kubwa kama anavyotaka Papa Germain, na moja ndogo. Niliandika, "Tunahitaji kifaa kidogo, rahisi, cha kinga." Mama aliisoma akasema ni barua ya mtu aliyesoma.

Tarehe 13 Agosti

Bwana Mahmoudi amejibu kwa simu, ujumbe mfupi: "Mwanangu, kinga ya nini? Mvua, wizi, au risasi?"

Nilisoma ujumbe mara tatu kabla sijaelewa. Huku kwetu kinga ni baiskeli. Kwake ni kitu cha kumlinda mtu. Mimi niliyesoma miaka mitatu Kigoma, wakati wa vita vile vya kwanza, niliyekuwa nasahihishwa kila siku na walimu wa kule, nimefanya kosa la mtoto wa Kalemie.

Nilikwenda kumwuliza Papa Germain niandike jibu gani. Alicheka mpaka karanga zikamwagika. "Mwambie zote tatu," akasema, na kabla sijasema neno alikuwa ameshanyakua simu yangu na kutuma: "Zote."

Tarehe 16 Agosti

Leo saa nne asubuhi, mlio mkubwa nje ya biro, yaani ofisi yetu. Niliingia chini ya meza. Nilipofungua macho nikaona, kupitia mlango ulio wazi, viatu vya Papa Germain, na juu ya viatu magoti yake, na juu ya magoti uso wake. Naye alikuwa chini ya meza yake.

Tulitazamana.

Ilikuwa tairi la lori la simenti lililopasuka.

"Nilikuwa natafuta kalamu," akasema Papa Germain.

"Mimi pia, Papa."

Miaka miwili nimefanya kazi chini ya mtu huyu nikidhani hana woga. Leo nimempenda kidogo.

Tarehe 22 Agosti

Boti ya Kigoma imefika, na mzigo wetu umo.

Jepesi kubwa ni pana kama mche wa sabuni, kioo chake kina rangi zote, kinaguswa kwa kidole. Ndani mna ramani ya nchi nzima na sauti ya mwanamke anayesema Kifaransa kizuri. Papa Germain alikisikiliza kwa heshima, kama amepigiwa simu na waziri. "Njo hii," akasema. "Hii inaonyesha kama tuko shirika la kweli."

Jepesi ndogo inaenea kiganjani. Haina rangi, haina ramani, haisemi. Unachagua unakokwenda, kisha kioo kinaonyesha mshale na idadi ya kilomita zilizobaki. Ukifika mahali pa maana unabonyeza kitufe kimoja chekundu na yenyewe inapakumbuka. Inatumia betri mbili ndogo, zile za redio, ambazo zinauzwa hata kwenye meza ya sigara. Na kwa sababu ya barua yangu imefungwa ndani ya ganda la mpira mweusi, nene kama soli ya buti. Bwana Mahmoudi ameweka kikaratasi: "Mvua na wizi sawa. Risasi sitoi ahadi."

Kishikio cha baiskeli hakikuja. Kwa nini kije? Hatukuagiza cha baiskeli.

Tarehe 25 Agosti

Jaribio mjini. Théophile amekata mpira wa ndani wa tairi la zamani, akazifunga zote mbili kwenye usukani wa baiskeli yangu, kubwa kulia na ndogo kushoto, akavuta fundo kwa meno. Hazitikisiki.

Kwenye barabara ya kando ya ziwa jua liliifanya jepesi kubwa kuwa kioo cha kujitazamia. Niliona pua yangu tu. Mwanamke yule akaniambia nigeuke kushoto. Kushoto palikuwa na maji.

"Anataka ukaoe samaki," akasema Théophile.

Baada ya muda wa saa tano ikazima. Umeme wa mtaani ulikuwa umekatika, itabidi isubiri mpaka kesho kupata chaji. Ndogo iliendelea kuonyesha mshale wa kurudi biro, hata nilipokuwa nimekaa nyumbani nakunywa chai. Kulikuwa na utulivu fulani katika hilo.

Nimemweleza Papa Germain yote. "Mujini si porini," akasema. "Tutaona porini." Alisema "tutaona", lakini alikuwa ananitazama mimi.

Tarehe 30 Agosti

Surua imeingia Kasongwe. Mama Virginie, muuguzi wetu, amepata habari kwa mwanamke aliyefika katika kambi ya waliokimbia vita na mtoto mwenye vipele. Kuna watoto wengine wagonjwa, na wengi ambao hawajachanjwa kamwe. Ni kilomita arobaini na moja, njia ya porini. Ndiko Théophile alikokuwa anakwenda siku alipopotea.

Mama Virginie hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Papa Germain, niko natoka juma ijayo. Munipe muntu anayejua njia, ao munipe mashine inayojua. Barafu ni ya siku mbili tu."

Tarehe 2 Septemba

Imeamuliwa. Tutakwenda watatu: Mama Virginie, Théophile, na mimi pamoja na jepesi zote mbili. Alama ya Kasongwe nimeiingiza katika zote mbili kutoka orodha ya wilaya, tarakimu baada ya tarakimu, nikaihakikisha mara nne.

Nimetengeneza nakala tatu za kitambulisho changu. Moja mfukoni, moja ndani ya soksi, moja kwa Mama.

"Ya kwangu ya nini?" Mama akauliza.

Nikamwekea mkononi. Akaibandika ukutani, karibu na kalenda. "Sura nzuri," akasema.

Tarehe 5 Septemba, Kasongwe

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mtungi uliopinduliwa. Jua bado lipo. Mikono inauma, kwa hiyo mwandiko utakuwa mbaya.

Tulitoka alfajiri. Daraja la Lukuga nilivuka macho yakiwa yameelekezwa kwenye mshale, na nilipoyainua tulikuwa tumeshavuka. Kilomita ya kumi na nane kulikuwa na kamba imefungwa kutoka mti hadi mti. Vijana watano wakatoka majanini na pinde. Mmoja alivaa shati la shule, lililokatwa mikono. Huyo ndiye aliyeshika usukani wangu.

"Hii kitu njo nini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu matano, yote yakakimbia. Nikasema ukweli, kwa Kiswahili sanifu, kama niko mbele ya mwalimu: "Ni kifaa chenye mshale ndani."

Pinde zote zikainuka.

"Mushale? Unabeba mushale ndani ya kasanduku? Mushale ya nani?"

Théophile akalaza baiskeli yake chini taratibu na kuanza kucheka, kile kicheko chake cha sokoni. "Vijana, muangalie wenyewe. Mushale yake haina hata ncha. Haiwezi kuua inzi."

Kijana wa shati la shule akainama juu ya kioo. Nikafungua fundo, nikampa ile ndogo. Akaigeuza. Mshale ukageuka. Akatembea hatua kumi kuelekea mtoni, mshale ukatazama kule kule.

"Inaangalia wapi?"

"Kasongwe," akasema Mama Virginie. "Batoto bako na surua. Tuko na dawa na barafu, na barafu haingoje."

Wakapokezana ile mashine wote watano. Mmoja akajizungusha nayo mpaka akapata kizunguzungu na kukaa chini. "Mushale ya kwetu ikitoka imetoka," akasema yule wa shati. "Hii inageuka-geuka kama mulevi anayetafuta kwake." Akanirudishia. Kisha akauliza polepole, wenzake wasisikie, "Ile sindano ya mama… inaumaka?"

"Kidogo," nikasema.

Alikunja uso kwa hofu halisi, hofu ninayoijua vizuri, naiona kwenye kioo kila asubuhi. Wakalegeza kamba.

Kilomita ya thelathini nilianguka kwenye korongo. Goti limechubuka. Jepesi ndogo ilirukia mwamba, ikadunda kama mpira, ikaendelea kuonyesha njia. Kinga ya Bwana Mahmoudi. Ile kubwa ilikuwa imeshazima kabla ya saa tano asubuhi, ikawa mzigo tu.

Saa saba mchana ndogo ikaandika sifuri. Tumefika.

Hapakuwa na kitu. Majani marefu, nguzo mbili zilizoungua, na mpapai mmoja.

Nilihesabu tena tarakimu zangu. Zilikuwa sahihi. Mama Virginie alifungua sanduku, akagusa barafu, akafunga haraka. Théophile akaketi chini akajipiga kichwa kwa kiganja. "Ee mie mupumbavu! Kasongwe njo chifu! Chifu akihama, jina linamufuata!"

Nilijua hilo. Kila mtu hapa analijua: kijiji ni jina la chifu wake, na chifu akikimbia, kijiji kimekimbia. Mimi nilikuwa nimeandika kwa uangalifu mkubwa, nikahakikisha mara nne, mahali ambapo chifu hayupo. Mwezi wa saba hata Théophile hakuwa amepotea. Alikuwa amekuja hapa hapa, akaona majani, akadhani amekosea njia, akazunguka siku mbili.

Alipoelewa hilo aliacha kujipiga kichwa. "Kumbe nilifika," akasema, na akawa na furaha ya kutosha watu watatu.

Tulimpata mama mmoja anachimba mihogo kwenye shamba lililoachwa. Alitutazama sana, akalitazama sanduku, akamtazama Mama Virginie, ndipo akasema, "Kasongwe iko nyuma ya ile kilima, tangu mwezi wa sita. Munifuate." Alitupitisha njia ambayo si njia. Kwenye kila panda nilibonyeza kitufe chekundu. Panda ya kwanza, ya pili, mti uliopasuka, kivuko cha mawe. Ile kubwa nayo ingeweza kuweka alama, kwa kupitia kurasa saba za Kifaransa, kama ingekuwa hai.

Saa tisa tulifika. Chifu Kasongwe ni mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Alisalimia, akasikiliza habari zetu, akasema, "Mulitafuta kwangu mahali sipo," na akacheka kwa adabu.

Tatizo ni hili. Orodha yetu ilisema watoto arobaini. Tulibeba dawa ya hamsini. Vijiji vingine viwili vimejificha hapa pamoja naye. Watoto ni mia moja thelathini na sita.

Tarehe 6 Septemba, mapema

Mama Virginie amechanja hamsini, na hawezi kuwaacha wagonjwa. Théophile jana jioni alitegua kifundo cha mguu akishuka mtoni kuchota maji, mguu umevimba. Sitini na nane… hapana, themanini na sita bado. Nimekosea hesabu, mimi. Lazima mtu arudi Kalemie kuchukua dawa.

Théophile amenisogezea jepesi ndogo. Kisha, "Njia iko ndani ya jepesi, karani. Weye njo umeiweka."

Nakwenda.

Tarehe 6 Septemba, Kalemie, jioni

Nimefika. Mshale ulisema nigeuke kwenye mti uliopasuka, na mti ulikuwepo. Ulisema kivuko cha mawe, na mawe yalikuwepo. Niliimba njia nzima, kwa sauti, ili pori lijue kuwa mimi ni mtu asiye na maana.

Kwenye kamba waliniita kabla sijashuka: "Monsieur Mushale! Uko peke yako?" Nikasema niko peke yangu, narudi kesho na barafu. Yule wa shati la shule akafungua kamba mwenyewe. "Pita. Na kesho usituletee sindano!"

Papa Germain alinikuta nimelala kwenye sakafu baridi ya biro, viatu vikiwa miguuni. Nilimweleza. Hakuuliza kuhusu ile kubwa. Alikwenda mwenyewe kujaza barafu.

Tarehe 7 Septemba

Nimefika Kasongwe saa sita na nusu, barafu ingali ngumu. Themanini na sita, wote. Wa mwisho alimng'ata Mama Virginie kidole.

Tarehe 8 Septemba

Tumerudi. Théophile nimembeba kwenye kiti cha nyuma. Alinisahihisha namna ya kukanyaga pedali njia nzima.

Tarehe 9 Septemba

Mama amebandua kitambulisho ukutani. Anasema kalenda ilikuwa inaona wivu.

Tarehe 14 Septemba

Nimejaza fomu ya kununua. Vifaa sita, vile vidogo, pamoja na ganda la mpira. Fomu ina mistari kumi ya "sababu ya uchaguzi". Niliandika mistari tisa, nikaifuta, nikaandika neno moja: Jepesi.

Papa Germain akasoma, akatafuna karanga moja, akatia sahihi. Ile kubwa ameiweka ndani ya mtoto wa meza yake. Anasema ni ya wageni.

Tarehe 26 Septemba

Mvua ya kwanza. Bati letu linavuja mahali pale pale pa mwaka jana.

Tarehe 3 Oktoba

Mama Virginie amesema hakuna mgonjwa mpya wa surua Kasongwe kwa siku kumi na nne. Alisema huku akitafuta kikombe chake cha chai, kama habari ya kawaida, na mimi nikaenda kusimama uani kidogo.

Tarehe 11 Oktoba

Leo amefika biro mtu wa chifu Kasongwe, na mihogo na ujumbe. Upande ule umetulia tangu juma lililopita. Chifu amerudi kwake kwa zamani, penye mpapai. Watu wanakata miti ya nyumba mpya. Anaomba tusimtafute tena nyuma ya kilima.

Papa Germain akafungua mtoto wa meza, akatoa ile jepesi kubwa, akaiwasha. Tulisubiri. Ramani ikatokea na rangi zake zote, na mwanamke akataja Kasongwe, mahali pale pale alipopataja mwezi uliopita.

"Munaona?" akasema Papa Germain. "Alijua. Alikuwa anangoja tu."

Théophile, ambaye mguu wake umepona, aliuliza nani atakwenda kuweka alama mpya za njia kwenye zile sita zilizofika juzi, kabla mvua haijajaza korongo. Papa Germain akaanza kutafuta karanga mfukoni, huku akitazama meza yangu.

Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama, nafunga jepesi kwenye kinga yangu.